Kuchachua Twajua, Kumaliza Bado

Mgema wa pwani akishusha tembo la mnazi asubuhi, linakuwa tamu na tayari linatoa povu. Ikifika jioni limekolea. Likilala hadi kesho kutwa, wapishi ndio wanaolitaka, kwa siki. Mbege ya Kilimanjaro, ulanzi wa Iringa, uraka wa mabibo kule Mtwara na Lindi, muratina ya Wakikuyu, urwagwa wa Rwanda na Burundi, vyote vina tabia hiyo hiyo: hunywewa hamira ikiwa bado kazini, na asiyewahi atakuta mambo mengine. Kwa hiyo mtu wa ukanda huu anayetaka kutengeneza divai nyumbani haanzi na mikono mitupu. Kuchachua ni ujuzi wa bibi zake.

Anachokosa ni ujuzi wa upande wa pili. Divai haitakiwi kuwahiwa. Inaachwa hadi hamira imalize sukari, mashapo yatue chini, kisha inafungwa, na mtu anategemea kuikuta vilevile baada ya miezi 6. Wanaoanza huuliza habari za tunda gani na hamira gani, lakini nikitazama ndoo zinazoharibika, nyingi zilianza vizuri kabisa. Ziliharibikia kwenye joto la chumba, kwenye hewa iliyoachwa juu ya sharubati, au kwenye haraka ya kufunga chupa kabla ya wakati. Mengi nitakayoyasema hapa yanahusu hayo matatu, na ninamwandikia mtu ambaye imani yake na afya yake vinamruhusu kunywa.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu hii kila kitu ni kubahatisha. Mwaka 1815 mwanakemia Mfaransa Joseph Louis Gay-Lussac alionyesha kwamba sukari ikichacha hugawanyika karibu nusu kwa nusu: nusu inakuwa kilevi, nusu inakuwa hewa ya kaboni dayoksaidi. Baadaye, katika miaka ya 1850 na 1860, Louis Pasteur akathibitisha kwamba kazi hiyo inafanywa na kiumbe hai, yaani hamira, si na sukari yenyewe. Kwa mtengenezaji wa nyumbani hesabu hiyo inakuja hivi: kila gramu 17 za sukari katika lita moja ya sharubati huzaa takribani asilimia 1 ya kilevi. Divai ya kawaida ina asilimia 11 hadi 13. Sharubati yake basi ilianza na sukari ya gramu 190 hadi 220 kwa lita.

Chukua nanasi. Maji ya nanasi lililoiva vizuri yanaweza kuwa na gramu 130 hivi kwa lita. Yakichachuka yenyewe yatafika kwenye asilimia 7 na nusu, kiasi ambacho kinatosha kuchangamsha lakini hakitoshi kuilinda divai isiharibike inapokaa. Ukitaka 12, unaongeza gramu 75 za sukari ya dukani kwa kila lita; kwa ndoo ya lita 20 ni kilo moja na nusu. Anayetupa kilo 5 kwa kuwa jirani alimwambia hivyo atapata moja ya mawili: hamira itakayoshindwa njiani na kuacha sharubati nzito kama asali, au kinywaji cha kuunguza koo kisicho na ladha ya nanasi.

Chombo cha kupimia sukari hii kinaitwa haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya sharubati. Maji matupu yanasoma 1.000. Sharubati yenye sukari ya kutosha asilimia 12 inasoma karibu 1.085. Divai iliyomaliza inashuka chini ya maji, 0.995 au hata 0.990, kwa sababu kilevi ni chepesi kuliko maji. Toa namba ya mwisho kutoka ya mwanzo, zidisha kwa 131, na una asilimia yako ya kilevi: 1.085 kutoa 0.995 ni 0.090, ambayo ni karibu 12. Katika vifaa vyote ambavyo maduka ya ng'ambo hupenda kumuuzia mwanafunzi wa divai, hiki ndicho pekee ambacho sijaona mbadala wake wa kienyeji. Ndoo ipo, kitambaa cha kuchujia kipo, mpira upo. Ulimi hauwezi kupima sukari iliyobaki kwenye kitu chenye uchachu na kilevi, hata ulimi wa mzoefu.

Sasa tunda. Zabibu imetawala dunia ya divai kwa sababu ya kemia yake: ikiiva ina sukari ya kutosha, uchachu wa kutosha, ukakasi kwenye ganda, na chakula cha hamira, vyote bila kuongezewa kitu. Kwetu mahali pake ni Dodoma. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana katika miaka ya 1950, na si ajabu, kwani sheria ya Kanisa inadai divai ya misa itokane na mzabibu na si tunda jingine. Ukame wa Dodoma, udongo wake wa kichanga na usiku wake wenye baridi uliifaa mimea hiyo, na kwa sababu hakuna majira ya theluji ya kuulaza mzabibu, mkulima akipogoa anavuna mara mbili kwa mwaka. Kituo cha utafiti cha Makutupora kimekuwa kikishughulikia mbegu zake kwa miongo mingi, na aina nyekundu inayobeba jina la kituo hicho ndiyo wakulima wengi wanaitegemea.

Dodoma pia ndiko unakoweza kuona tatizo ninalolizungumzia kwa ukubwa wake. Zabibu haingoji soko. Mkulima asiyepata mnunuzi hukamua na kuweka akiba kile wanachokiita mchuzi wa zabibu, akitumaini kiwanda kitauchukua baadaye. Kukamua hakuna siri. Kuuweka mchuzi usigeuke siki ndani ya tangi wakati mnunuzi bado hajapatikana, hapo ndipo elimu inapohitajika, na hapo ndipo wengi wamepoteza. Mwenye ndoo moja jikoni anakutana na adui yuleyule wa mwenye matangi kumi.

Asiyekuwa karibu na Dodoma asihangaike kununua zabibu za mezani za supamaketi. Zinauzwa ghali, na divai yake mara nyingi hutoka nyembamba, maana zabibu za kula huchaguliwa kwa ukubwa na utamu wa mdomoni, na uchachu wake ni mdogo. Nanasi ni mwalimu bora zaidi. Lina uchachu wake, harufu yake haipotei upesi, linakamulika bila mashine, na kosa dogo halilidhuru. Rozela, ambayo wengine huiita choya, inatoa rangi nyekundu ya kupendeza na uchachu mkali, lakini ina tatizo ambalo waandishi wengi wa mapishi ya haraka hawalitaji: maua yaliyochemshwa pamoja na sukari hayana karibu chakula chochote cha hamira. Hamira ikikosa chakula hutoa harufu ya yai bovu. Dawa yake inapatikana jikoni: kijiko cha hamira ya mkate kilichochemshwa hadi kikafa, kikapozwa na kumwagwa ndani, kinakuwa lishe ya hamira iliyo hai.

Ndizi inawezekana, na Arusha divai ya ndizi imekuwa biashara ya kiwanda kwa miaka mingi, lakini kwa nyumbani inasumbua. Ina utandu mwingi, yaani pektini, unaofanya divai iwe na ukungu usioisha, na uchachu wake ni mdogo mno. Embe na pera zina shida hiyo hiyo ya ukungu. Ukichemsha tunda ili ulainishe, unauzidisha, kwa sababu joto huitoa pektini kwenye nyama ya tunda. Matunda ya aina hiyo yapondwe mabichi. Papai usianze nalo kabisa. Kwa yote yenye uchachu hafifu, ukwaju au ndimu huokoa jahazi, na hilo halihusu ladha tu, maana sharubati isiyo na uchachu ni makao mazuri ya bakteria. Mabibo yana utamu na harufu, ila ukakasi wake unakaba koo hadi ujifunze kuupunguza. Watu wa kusini wanaujua mchezo huo, na anayetaka kuanza na mabibo aende akajifunze kwao.

Swali la hamira limejaa ushabiki. Hamira ya mkate na hamira ya divai ni ukoo mmoja, Saccharomyces cerevisiae, zikatengwa na wanadamu kwa kazi mbili. Ya mkate ilichaguliwa kwa kutoa hewa nyingi haraka, ya divai kwa kuvumilia kilevi, kutulia chini kwa utulivu na kutoacha harufu ya unga. Ya mkate inaweza kukufikisha asilimia 9 au 10 bila taabu, na zaidi ukiitunza. Kwa ndoo ya kwanza inatosha kabisa, na atakayekuambia huwezi kuanza bila pakiti kutoka Ufaransa anakuchelewesha. Ila ukishaonja tofauti, hutarudi nyuma. Kuhusu kuachia hamira ya asili iliyo kwenye ganda la tunda, kama bibi zetu, rai yangu ni kwamba njia hiyo inafaa kinywaji cha kumalizwa kesho. Kwa divai ya kukaa, mwanzo usiojulikana una madeni mengi.

Nimefika kwenye joto, na hapa sitapita haraka, kwa kuwa vitabu vingi vya divai ya nyumbani viliandikwa na watu wa Uingereza na Marekani ambao shida yao ni kupasha chumba moto. Wanamshauri msomaji aifunike ndoo blanketi. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akifuata ushauri huo mwezi wa pili, amekwisha. Divai ya matunda hupenda nyuzi 18 hadi 24. Ikipita 30, hamira inafanya kazi kwa pupa, harufu ya tunda inatoka pamoja na hewa, na kinachobaki ni ukali. Ikikaribia 35 na kuendelea, hamira inaweza kufa ikiwa imeacha nusu ya sukari, na sharubati tamu yenye hamira iliyokufa ni karamu ya bakteria. Tena kuchacha kwenyewe kunazalisha joto: ndoo ya lita 20 iliyochangamka huwa na nyuzi kadhaa zaidi ya chumba ilimokaa. Chumba chenye nyuzi 30 kinamaanisha ndoo yenye 33 au 34.

Njia za kukabiliana ni za kawaida. Weka ndoo ndani ya beseni pana la maji, na tia chupa za maji yaliyogandishwa asubuhi na jioni. Friji ndogo ya nyumbani inatosha kugandisha chupa nne. Dodoma, Singida au Nairobi, ambako hewa ni kavu, gunia lililoloweshwa na kuzungushwa kwenye ndoo linapoza vizuri kwa kuwa maji yanakauka upesi. Pwani gunia hilo halifanyi kazi ya maana, maana hewa yenyewe imejaa maji. Lakini njia iliyo bora kuliko zote ni kuchagua majira. Mtu wa pwani aanze kipupwe, Juni hadi Agosti. Mtu wa Iringa, Njombe, Limuru au Bukavu ana bahati ambayo hajui kama anayo: hali ya hewa anayoilalamikia asubuhi ndiyo wenye divai wa nchi za joto wanayoitafuta kwa mashine.

Hewa nayo ina sura mbili. Siku 3 au 4 za kwanza hamira inaihitaji ili izaliane, hivyo ndoo inafunikwa kitambaa safi tu, kuzuia inzi wadogo wa matunda, ambao miguuni hubeba bakteria wa siki. Baada ya hapo hewa ni adui. Bakteria hao hugeuza kilevi kuwa siki wanapopata oksijeni, na wakinyimwa oksijeni hawana nguvu. Sharubati ihamie kwenye dumu au chupa kubwa ya maji, ijazwe hadi shingoni, na mdomoni pazibwe kwa kizibo kilichotobolewa kikapitishwa mpira mwembamba ambao ncha yake ya pili imezama katika glasi ya maji. Hewa ya ndani inatoka kwa mapovu, ya nje haiingii. Usithubutu kuziba kabisa. Lita 20 zenye kilo 4 za sukari hutoa karibu kilo 2 za kaboni dayoksaidi, na hizo ni zaidi ya lita 1,000 za hewa. Hakuna dumu la kulihimili hilo.

Vyombo viwe vya plastiki ya chakula, kioo au chuma kisichoshika kutu. Pipa la bati, sufuria ya shaba au dumu lililowahi kubeba mafuta au dawa lisikaribie divai, kwani uchachu wa matunda huyeyusha madini na kuyaingiza kwenye kinywaji.

Salfaiti inaogopwa na wapenda asili kuliko inavyostahili. Karibu kila divai ya dukani inayo. Kiasi cha nyumbani ni miligramu 50 hivi kwa lita. Kwa lita 20 unahitaji potasiamu metabisalfaiti isiyofika gramu 2, chini ya nusu kijiko cha chai. Kazi yake ni kunyamazisha bakteria na kulinda rangi. Mwenye pumu anaweza kudhurika nayo, hivyo mgeni aambiwe. Asiyetaka kuitumia anaweza kuiacha, lakini basi awe mkali mara mbili kwenye usafi na hewa, na divai yake ainywe ndani ya miezi michache. Anayeikataa huku dumu lake limejaa nusu anajidanganya.

Tumefika mwisho wa kazi, panapoangusha wengi. Mapovu yakikoma siku ya 8 au ya 12, mtu anadhani imeisha. Mapovu hukoma pia kwa sababu hamira imepoa, imechoka au kizibo kinavuja. Haidromita ndiyo mwamuzi: ikisoma chini ya 1.000 na ikabaki palepale siku 3 mfululizo, ndipo. Kisha hamisha divai kwa mpira kutoka juu ya mashapo, bila kuirusha, jaza tena hadi shingoni, ngoja. Mwezi mmoja baadaye hamisha tena. Miezi mitatu ni kiwango cha chini kwa nanasi; rozela na mabibo yanataka zaidi.

Halafu kuna suala la utamu. Wanywaji wengi wa Afrika Mashariki wanapenda divai tamu, ndiyo maana dompo ya Dodoma inatembea kuliko ile kavu. Mwanafunzi anaionja divai yake iliyomaliza, anaikuta kavu, anaongeza sukari na kufunga. Linganisha na Champagne: wao huongeza takribani gramu 24 za sukari kwa lita makusudi ili ichache ndani ya chupa, na chupa zao hutengenezwa nene kwa kuwa mgandamizo unafika karibu mara 6 ya hewa ya kawaida. Anayeongeza gramu 50 kwenye chupa nyembamba iliyookotwa baa ametengeneza bomu la vioo. Potasiamu sobeti husaidia kuzuia hamira isizaliane upya, ikitumika pamoja na salfaiti kwenye divai iliyotulia na kuwa angavu, lakini haiwezi kusimamisha hamira iliyo kazini. Njia nyingine ni kupasha moto, na inafaa kukumbuka kwamba mbinu tunayoihusisha na maziwa Pasteur aliitengeneza kwa ajili ya divai zilizokuwa zikiharibika. Inaokoa chupa, inapunguza ladha. Kwa anayeanza nashauri jambo rahisi kuliko yote: funga divai ikiwa kavu, na utamu uongeze kwenye jagi siku ya kunywa.

Wapo wanaoogopa sumu, na hofu yao ina sababu. Makumi ya watu walikufa Kenya mwezi Mei 2014 kwa pombe yenye methanoli, na mikasa ya namna hiyo imetokea kabla na baada. Lakini methanoli ya kuua huingizwa na wafanyabiashara wanaoongeza kemikali za viwandani kwenye pombe kali. Matunda yakichacha hutoa kiasi kidogo mno, kisichofikia madhara hayo. Mstari wa kutouvuka ni kukeneka. Tanzania ina sheria ya moshi, yaani gongo, tangu 1966 inayozuia kukeneka bila leseni, na mbali na sheria, hapo ndipo moto, mvuke wa kilevi na vyombo vibovu vinapokutana. Kuuza nako kuna masharti yake: viwango, leseni na ushuru. Kenya sheria ya vileo ya mwaka 2010 inadai leseni kwa anayetengeneza na pia anayeuza, kwa hiyo aliyeko huko aulize kwa mamlaka ya kaunti kabla hajanunua ndoo.

Kwa anayetaka kujaribu mwaka huu, ushauri wangu ni huu: nunua haidromita kabla ya matunda, anza na lita 5 za nanasi mwezi Juni, andika namba zako kwenye daftari, na chupa ya kwanza usiifungue kabla ya Oktoba.